Safari ya Kuja Kumzika Mwalimu Mkuu

Ukirudi Nyakasimbi kutoka mbali, watu wote walikuuliza habari za huko na umewaletea nini. Mwalimu Mkuu hakuwa na haja na hayo. Aliipokea shikamoo yako, akakuketisha kwenye benchi la barazani, akataka kujua ulipanda nini, uliondoka lini, ulifika lini, na katikati ulikwama wapi. Ukisema ulikwama Kyaka alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za mgonjwa wake. Ukisema hukukwama popote hakukuamini, akaanza kukuhoji upya.

Nimemfahamu miaka mingi kuliko ninavyomfahamu mume wangu. Nilifika kufundisha katika shule yake mwaka 1978, msichana mbichi kutoka chuo cha ualimu, na baadaye nikaolewa kwenye kibanja, shamba la migomba, kilichopakana na chake, kwa hiyo hata alipostaafu sikupata pa kumkimbilia. Watu waliendelea kumwita Mwalimu Mkuu. Yule aliyekuja kushika nafasi yake aliitwa "mgeni" mpaka naye akakaribia kustaafu.

Alikuwa mfupi, msafi hadi kero. Shati lake lilifungwa vifungo vyote mpaka kooni, huku chini akiwa pekupeku kwa sababu viatu, alisema, ni vya Jumapili na vya mkaguzi. Hakunywa rubisi kwa kuwa alikuwa Mlutheri wa kiapo, ila harufu tu ya mtungi ilimtosha kukwambia ndizi zilikamuliwa kabla ya kuiva sawasawa, na watu wa pombe walimheshimu kwa hilo kuliko kwa mahubiri yake. Wanafunzi aliwachapa kwa kuchelewa, kisha akiwaona wanatembea mvuani aliwapa majani ya mgomba ya kujifunika kutoka kibanja chake mwenyewe.

Kuhusu mila alikuwa na maneno makali. Alisimama darasani akasema mila ni kama nguo, iliyochanika ishonwe, isiyoshoneka itupwe. Lakini nilijua, kwa kuwa jirani hafichwi, kwamba mtu wa nyumba yake akisafiri chumba chake hakikufagiliwa mpaka ije habari kwamba amefika. Nilipomtania juu ya hilo alinijibu kwamba ufagio ulikuwa umepotea.

Ndege alizichukia tangu zamani. Mwaka ule wa vita na Uganda, mlio wowote wa angani ulitutoa darasani mbio kwenda kujificha migombani, watoto mbele, walimu nyuma, yeye wa mwisho kabisa akihesabu vichwa. Siku moja mlio ulikuja karibu sana. Tukiwa tumelala kifudifudi nilimwona anavua shati lake jeupe, analikunjakunja na kulifukia chini ya majani makavu, asije akaonekana kutoka juu na kuwaponza watoto. Akalala pale kifua wazi mbele ya shule nzima. Ndege ilikuwa ya kwetu, tulikuja kuambiwa baadaye, na ilipita kwenda zake. Wanafunzi walicheka kidogo, yeye hakucheka. Alipofunga vifungo, kile cha kooni kilimshinda mpaka nikamsaidia mimi.

Basi mtu huyo ndiye aliyemfundisha mwanawe wa kiume, wa pekee, mpaka akapata nafasi ya kwenda kusoma Stokholm. Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Nchi nzima ya Karagwe ilijua, maana alitangaza kanisani kwa fahari, na usiku, mkewe aliniambia, alikuwa akiamka na kukaa ukingoni mwa kitanda.

Shuleni tulikuwa na tufe moja la dunia, limebonyea upande wa Australia. Mwalimu Mkuu alichukua uzi wa kushonea wa mkewe, akaweka ncha moja Dar es Salaam na kuunyoosha juu ya Sudani na Misri na bahari yao, mpaka Stokholm. Akaukata. Akaupima tena kwenye mstari wa ikweta, akapiga hesabu ubaoni: kilomita elfu saba na ushei. Akagawa kwa mwendo wa ndege kubwa akapata saa tisa hivi, kama rubani asingesimama njiani. Alitazama jibu lake kwa mashaka, akarudia, likatoka lile lile. Kutoka Nyakasimbi kwenda Bukoba tu, mvua ikinyesha, lori liliweza kuchukua zaidi ya hapo.

"Angani hakuna matope," alisema, na tangu siku hiyo ukawa msemo wake.

Kijana aliondoka. Chumba chake hakikufagiliwa. Habari za kufika zilichukua zaidi ya mwezi kutufikia, na kufikia hapo kuku alikuwa ametaga chini ya kitanda na kuangua. Siku barua ilipokuja Mwalimu Mkuu alichukua ufagio, ule uliopotea, akafagia mwenyewe.

Hofu yenyewe ilianza na kifo cha mkewe. Sisi tunazika ndani ya kibanja, na ni vizuri nieleze, maana wasomaji wengine wana makaburi ya mjini. Mtu hulazwa kwenye ardhi aliyoilima, migomba yake ikimwona, na mrithi, omusika, ndiye hutangulia kutupa udongo. Wengine hufuata. Barafu ya kutunzia maiti hatukuwa nayo. Mtu alizikwa siku ya pili, na wakimngoja mtu sana, ya tatu. Kwa mama yule walingoja hadi ya tatu, ukoo ukanung'unika, wakazika. Kijana alifika matanga yamekwisha anuliwa. Alipita nyumbani bila kuingia akaenda moja kwa moja kaburini, na kaburi lilikuwa limeanza kuota majani. Alisimama pale na koti lake la baridi mkononi. Mwalimu Mkuu hakumlaumu hata kwa neno, lakini kijana aliporudi Ulaya mzee alianza kuwahoji wasafiri.

Alikuwa anapanga maziko yake mwenyewe, na hilo hakulificha. Kutoka Stokholm hadi Dar, kubadili ndege mahali na kungoja, siku moja. Dar hadi Mwanza kwa treni, siku mbili treni ikiwa na tabia njema. Meli ya kuvuka hadi Bukoba, usiku mmoja, kama siku hiyo ipo. Kisha lori, kisha Kyaka, kisha Mungu. Alijumlisha akapata juma zima, na mwili wake haukuwa na juma. Alipunguza huku akaongeza kule kama mama anayejaribu kumtosheleza mtoto gauni la mdogo wake. Aliwatafuta madereva wa malori ya kahawa akagombana nao kuhusu mwendo wao. Dereva mmoja alimwambia, "Mzee, wewe unataka nikimbie kwa ajili ya maiti ambaye bado anakunywa chai?"

Mimi nilimwambia kwa utani ahamie Dar es Salaam akafie karibu na uwanja wa ndege. Hakucheka. Alisema amelifikiria, ila hawezi kulala kwenye mchanga usioota mgomba. Nikajuta kutania, kwa sababu niliona kwamba mtu huyu kweli anaogopa. Hakuwa anaogopa kufa. Aliogopa kushushwa shimoni na watu wakitazamana, nani aanze.

Alikuwa na binti pia, sijamtaja, na hata yeye mwenyewe alisahau kumtaja. Aliolewa Bweranyange. Kila alipoweza alikuja kwa miguu na kikapu kichwani, akafua mashati yale meupe, akaanika buni, akapika, akalala, akarudi. Hakuna aliyemuuliza ameondoka saa ngapi na njiani alikwama wapi.

Mwishoni mwa miaka ya themanini Mwalimu Mkuu aliugua kweli. Malaria ilimpanda kichwani, akawa anaita majina ya wanafunzi waliokwisha kuwa babu. Tulikaa naye kwa zamu. Siku ya tatu alinyamaza, hakutambua mtu, na binti yake akaniambia twende posta Kayanga. Alipeleka telegramu ya maneno machache, ambayo hata mimi ningeandika hivyo hivyo: baba mgonjwa sana njoo.

Alipona. Sijui ni sindano au maombi au ukaidi. Baada ya wiki mbili alikuwa ameketi barazani, amekonda, shati limefungwa mpaka kooni, na tulipomwambia kwamba kijana ameitwa, macho yake yaliwaka. Akaanza kuhesabu. Leo yuko angani. Leo yuko Dar. Leo treni imefika Tabora. Kila gari lililonguruma barabarani lilimfanya anyanyuke kidogo kwenye kiti. Siku zilipopita zile za hesabu, alisema labda meli imeharibika. Wiki iliyofuata alisema labda nauli. Kisha akaacha kusema, akawa anatazama tu barabara, na mimi nilikuwa napita njia ya nyuma ili asinione nikimtazama.

Aliyekuja alikuwa sista, muuguzi wa Kizungu wa zahanati ya misheni, aliyekuwa amekwenda likizo kwao Stokholm. Kiswahili alikijifunza hapa kwetu na alikisema kama Mnyambo mtupu, mzaliwa wa Karagwe. Alishuka kwenye gari amevaa kitambaa cheusi kichwani, akamkumbatia binti aliyekuwa uani akichagua maharage, akamwambia poleni sana kwa msiba, waitu, ndugu zetu. Binti akamuuliza msiba upi. Sista hajajibu, Mwalimu Mkuu akatokea nyuma ya nyumba amebeba debe la buni, akasema karibu sista, umesafiri salama?

Nilikuwa pale, nilikuwa nimeleta maziwa. Sista alikaa chini kwenye majani.

Ilichukua muda kueleweka, na ilipoeleweka ilikuwa rahisi mno. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kwamba fulani amekufa. Ataanguka njiani, atalia kwenye gari la watu. Huambiwa mgonjwa sana, njoo, na mwenye akili anajua, anaanza kulia kabla hajafunga mzigo. Kijana alikuwa mtoto wa huku. Alisoma telegramu ile jinsi mtoto yeyote wa huku angeisoma. Alinyoa nywele, akakaa matanga katika nyumba yake ya ghorofani, watu wa kanisa la kule wakaja kumwimbia. Kisha akampa sista bamba la shaba la kupigilia kaburini, lenye jina la baba yake.

Mwalimu Mkuu aliomba alione. Akavaa miwani. Akalisoma polepole, midomo ikitikisika, tukingoja kama atakasirika au atalia.

"Mwaka wa kuzaliwa wamekosea," alisema.

Akamshukuru sista, akamuuliza kama amekula. Bamba akaliweka chini ya kitanda. Jioni nilipokwenda kuchukua chupa yangu ya maziwa nilimkuta amekaa gizani hajawasha taa. Hakunigeukia. Alisema, "Mwanangu aliambiwa nimekufa, na hakuja."

Kwa miaka yote ile aliuliza kama mwanawe angeweza kufika, na sasa alikuwa amepewa jibu angali hai, jambo ambalo Mungu huwasitiri nalo watu wengine. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu asinisemeshe.

Sista ndiye aliyepeleka habari Stokholm kwamba mzee yupo, na mara hii kijana alikuja mbio. Alifika wakati wa kiangazi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, akapiga magoti mlangoni pa baba yake, tukapiga vigelegele, tukachinja. Lakini siku zilizofuata walikuwa wakikaa barazani kila mmoja akitazama upande wake, wakizungumza habari za kahawa na bei ya sabuni. Mimi na binti tuliingia na kutoka na sahani, tukiogopa lile ambalo lilikuwa halijasemwa. Lilisemwa siku ya tatu, mchana, huku nikimenya ndizi hatua chache tu kutoka kwao, na hawakujali kwamba nipo.

Kijana ndiye aliyeanza. "Baba, hesabu ulinifundisha mwenyewe. Nilipopata ile telegramu nilikaa kitandani nikahesabu ndege, treni, meli, lori. Nikaona hata nikiruka usiku ule nitakuta majani. Kwa mama nilikuta majani. Sikuweza mara ya pili."

Nilimenya ndizi ile ile mpaka ikaisha mkononi. Nilitamani Mwalimu Mkuu amwambie kwamba hesabu ile haikuwa ya kumfundisha asije, ilikuwa ya kumtafutia njia ya kuja. Hakumwambia. Alimwuliza, "Ulilia?"

"Nililia sana, baba."

"Peke yako?"

"Mwanzo peke yangu. Halafu watu wakaja."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akasema ni vizuri watu walikuja. Siku zilizobaki walizungumza kama watu, walicheka hata. Kijana alipoondoka Mwalimu Mkuu alimsindikiza mpaka barabarani, akamtazama akipanda lori, akarudi nyumbani akafagia chumba cha kijana siku hiyo hiyo. Niliuona ufagio ukitoa vumbi mlangoni. Sikujua kama amepata amani au amekata tamaa, na sikuthubutu kuuliza.

Miaka ya tisini ilimkuta amezeeka kwa haraka. Macho yalififia, magoti yakagoma. Wasafiri walipopita aliwaitikia salamu wakaenda zao. Barabara ya Kyaka ilikarabatiwa, mabasi yakaanza kufika, na nilipompelekea habari hiyo nikidhani nimembebea zawadi, alisema vema, kahawa itafika mapema. Watu wa ukoo walianza kuzungumza chinichini. Wengine walisema kijana atengenezewe njia, apigiwe simu mapema, mzee akilegea tu aitwe. Wengine walisema omusika asiyekuwepo si omusika, na macho yao yalikuwa kwenye kibanja. Mimi nilikuwa nalala vibaya. Niliwaza siku ile, maiti ndani, jua limepanda, wanaume wanabishana uani, na yule mzee msafi anaharibika akingoja.

Mara ya mwisho kuzungumza naye kwa kirefu, alimtuma mjukuu kuniita. Nilimkuta kibanjani, amekalia kigoda kando ya kaburi la mkewe, na binti yake wa Bweranyange yupo na jembe, anasafisha mahali palipo jirani nalo. Alikuwa amekwisha kata migomba miwili kupata nafasi. Niliwaamkia. Mwalimu Mkuu akaniambia nikae, ananihitaji kama shahidi, kwa kuwa mimi si wa ukoo na sina la kurithi.

"Siku nikifa," alisema, "ukoo utasema tumngoje kijana. Utawaambia nilisema msingoje. Mnizike kesho yake, asubuhi, kabla ya jua kali. Huyu ndiye atatangulia kutupa udongo." Akaonyesha kwa fimbo mahali alipodhani binti amesimama, na alikosea kidogo, fimbo ikaelekea mgombani.

Binti aliacha kulima. Nilimwambia Mwalimu Mkuu kwamba watu hawatakubali, mwanamke kutangulia, na mtoto wa kiume yupo hai. Nilimwuliza kijana atajisikiaje.

"Yule amekwisha nizika," alisema, na sauti yake haikuwa na uchungu wowote, nilisikiliza sana kama upo. "Alininyolea nywele. Alinililia. Alinitengenezea na bamba. Kazi ya mtoto ameimaliza, tena mimi nikiwa hai wa kushukuru. Akija tena, aje kunisalimia tu. Huyu hapa bado hajanizika. Ni zamu yake."

Binti alijifunika uso kwa khanga akalia kwa sauti, mikono yake yote ina udongo. Mwalimu Mkuu aligeukia kule sauti ilikotoka, akamwambia anyamaze, amalize kwanza palizi, muda wa kulia bado.